Kuwaongoza Waliokuwa Wenzako Jana: Mwaka wa Kwanza wa Mkuu wa Kitengo

Katika kampuni nyingi za Dar es Salaam, mhasibu anayefunga hesabu kwa wakati ndiye anayefanywa mkuu wa wahasibu, na muuzaji anayevuka lengo kila mwezi ndiye anayekabidhiwa timu ya mauzo. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake hairidhishi, wala kama anajua kuendesha kikao. Jumatatu inayofuata anakaa kwenye kiti kipya, na watu aliokula nao mihogo ya kukaanga wiki iliyopita wanasubiri aseme neno.

Sisi tunaoshughulika na ajira tumewaona wengi wakipita mwaka huo wa kwanza. Waliokwama hawakukosa akili wala bidii. Walikwama kwa mambo waliyoyaacha yaelee: agizo lililotolewa koridoni, onyo lililotolewa kwa utani, ahadi ya mdomo, hasira iliyofugwa miezi mitatu na kulipuka mbele za watu. Tunayaandika haya kwa mpangilio ule ule yanavyomkuta mtu, tangu barua ya uteuzi hadi likizo ya kwanza, ili anayepanda leo asiyalipie upya.

Kabla ya kutia saini

Ulizia barua. Kuna desturi mbaya ya kumwambia mtu "shika nafasi hiyo kwa muda", naye akaishika miezi minane. Kitengo kikikosea analaumiwa yeye, ukifika wakati wa kuthibitishwa analetwa mtu kutoka nje, na hana posho ya kukaimu wala karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kukaimu. Barua iliyokamilika inataja cheo, tarehe ya kuanza, unayeripoti kwake, wanaoripoti kwako, mshahara, muda wa majaribio katika nafasi mpya, na kitakachofuata usipothibitishwa: unarudi kwenye nafasi yako ya zamani, au ndiyo safari imeisha? Hilo la mwisho karibu kila mtu hulisahau, na ndilo linalomliza mtu baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi ayarekebishe kwa maandishi na kumjulisha mfanyakazi, kwa hiyo hakuna ubaya wala ukaidi katika kuomba barua.

Uliza pia kiwango cha fedha unachoruhusiwa kuidhinisha kwa saini yako peke yako. Meneja asiyejua mpaka wake husaini oda ya vifaa, mzabuni akaleta mzigo, idara ya fedha ikakataa kulipa, na jina linaloharibika kwa mzabuni ni lake.

Halafu piga hesabu ya mshahara ukiwa umetulia. Tuseme mshahara wa msingi unapanda kutoka shilingi 1,600,000 hadi 2,000,000. Ongezeko ni 400,000, lakini siyo litakaloingia benki. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 unachukua 40,000. Kodi ya ajira kwa Tanzania Bara, kwa sehemu ya mshahara inayozidi milioni moja kwa mwezi, ni asilimia 30, nayo hutozwa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii: asilimia 30 ya 360,000 ni 108,000. Kama bado unalipa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inachukua 60,000 nyingine. Kinachobaki ni 192,000, chini ya nusu ya ongezeko.

Kuna makato mengine yasiyoonekana kwenye hati ya mshahara. Saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Lakini mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri, na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu, hayumo kwenye kinga ya saa hizo. Aliyekuwa akijazia kipato kwa saa za ziada anaweza kupanda cheo na kushuka mapato mwezi huo huo. Na kwenye daftari la michango ya harusi na misiba, jina lake halitaandikwa tena penye elfu kumi. Yote haya yaseme mezani kabla ya saini, kwa sauti ya kawaida: "Nashukuru kwa kuniamini. Naomba tuangalie na suala la saa za ziada, kwa sababu nafasi hii inaziondoa." Ukishasaini, mlango huo hufungwa hadi bajeti ya mwaka unaofuata.

Wiki mbili za kwanza

Usipokee kitengo kwa kupewa funguo. Omba hati ya makabidhiano yenye orodha ya kazi zilizo njiani na tarehe zake, mikataba inayokaribia kuisha, madeni na wadai, masurufu (fedha za kazi zilizochukuliwa kabla) ambayo hayajarejeshwa na majina ya waliochukua, vifaa na namba zake, nywila za mifumo, na mashauri ya wafanyakazi yaliyo wazi. Mtoaji na mpokeaji watie saini, shahidi naye asaini, kila mmoja abaki na nakala. Masurufu ndiyo yanayoumiza zaidi. Mtu alichukua fedha ya safari ya Mwanza miezi mitano iliyopita, hajaleta marejesho, na risiti alizonazo hazikutolewa kwenye mashine ya EFD. Usipoliandika siku ya makabidhiano, mkaguzi akija litakuwa lako.

Baada ya hapo, onana na kila mtu peke yake, dakika 30 hadi 40, ndani ya siku kumi za kwanza za kazi, kabla hujabadilisha hata mpangilio wa meza. Uliza machache na usikilize zaidi. Kazi gani unayoifanya ikiachwa hakuna atakayeulizia? Kitu gani kinakuchelewesha ambacho hakiko mikononi mwako? Nikiona kosa, ungependa nikwambieje? Andika majibu. Swali la kwanza ndilo linalofichua mengi, maana katika kila ofisi kuna taarifa inayotayarishwa kila wiki na kutumwa kwa mtu aliyeshahama.

Wa kwanza kuitwa awe yule aliyeitaka nafasi hiyo akaikosa. Ukimwacha mwisho, atakuwa ameshasikia kutoka kwa wengine unachokusudia, na majungu yatakuwa yameshapata mwenyewe. Maneno yake ni machache: "Kaka, najua na wewe uliomba nafasi hii. Sikuombi ufurahi. Naomba tufanye kazi vizuri, na nataka nijue ni eneo gani ungependa uliongoze." Kisha mpe eneo la kweli, lenye mamlaka, si la kumpoza. Wengine hubaki na kinyongo hata hivyo, na utaratibu wa kushughulika nao ni ule ule wa kila mtu.

Suala la umri linahitaji utulivu. Kijana wa miaka 31 anapowekwa juu ya mtunza ghala wa miaka 54, hujaribiwa kufanya moja kati ya mawili: aache kumwamkia ili aonekane bosi, au aogope kumwagiza. Yote mawili yanamvunjia heshima. Shikamoo ni ya umri, haifutwi na cheo, na kitengo kizima kitakuangalia siku utakapoacha kuitoa. Ukishaitikiwa marahaba, agizo la kazi litolewe wazi: "Mzee, naomba taarifa ya ghala ya mwezi huu iwe imenifikia Alhamisi saa 9 alasiri." Usilizungushe kwa "kama utapata nafasi" ilhali unaihitaji. Mzee mwenye uzoefu huudhiwa zaidi na agizo lisiloeleweka kuliko agizo kutoka kwa mdogo wake. Na likimshinda, umwulize mkiwa wawili, mlango umefungwa, ukiwa umekaa. Kumsema mtu wa umri huo mbele ya vijana wake ni kumuumbua, na hata akikosea kweli, ofisi nzima itakuwa upande wake.

Kuna upweke katika wiki hizi ambao hakuna aliyekuonya. Ukifika kwenye meza ya chakula cha mchana, mazungumzo yanakatika. Kundi la WhatsApp lililokuwa na vichekesho linakuwa kimya, halafu unagundua limefunguliwa jingine usilokuwemo. Usilitafute, na usimwombe mtu akuonyeshe kinachosemwa huko, kwa sababu atakayekuonyesha ndiye atakayekuwa mchongezi wako wa kudumu. Endelea kula nao kama mwanzo, ila habari za mtu asiyekuwepo zikianza, usizichangie. Tafuta mkuu wa kitengo kingine aliyepita njia hiyo, mwenye uwezo wa kukaa na siri, uwe unazungumza naye. Kinachosemwa kwa rafiki wa zamani aliye chini yako, hata kwa nia njema, kinamweka pabaya kati yako na wenzake.

Kikao na kalamu

Kikao ndicho mahali wafanyakazi wanapompima kiongozi mpya, na ndicho kinachopoteza fedha nyingi za kampuni bila kuonekana. Taarifa ya kikao na ajenda ziwafikie watu siku tatu kabla, pamoja na makabrasha yatakayojadiliwa. Mpangilio unajulikana: kufungua, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za kila sehemu, mengineyo, kufunga. Penye kasoro mara nyingi ni pawili, yatokanayo na mengineyo.

Yatokanayo hugeuka marudio ya kikao kizima kilichopita. Dawa yake ni jedwali la safu nne: jambo lililoamuliwa, jina la mtu mmoja anayelitekeleza, tarehe ya mwisho, hali ilivyo leo. Jina liwe la mtu mmoja. Ukiandika "idara ya masoko" au "wahusika", hakuna atakayeshika. Kwenye kikao mnapitia safu ya nne tu: limefanyika, halijafanyika, kwa nini, lini. Dakika kumi zinatosha kwa mambo kumi na tano.

Mengineyo nayo huwa pango la kuficha jambo kubwa ambalo mtu hakutaka lijulikane mapema. Weka kanuni kwamba la mengineyo litajwe mwanzoni, wakati wa kuthibitisha ajenda, na kama linahitaji uamuzi wa fedha au wa mtu, linakwenda kikao kijacho. Kumbukumbu ziandikwe na mtu asiye mwenyekiti, zitumwe ndani ya saa 24, na anayeona zimekosewa aseme kwa maandishi ndani ya siku mbili. Hakuna haja ya kuandika kila kilichosemwa. Andika kilichoamuliwa, aliyepewa, tarehe, na pingamizi la anayetaka liandikwe.

Kuhusu muda: kama kikao ni saa 3 asubuhi, anza saa 3 hata kama mko watatu, ilimradi akidi imetimia pale ambapo taratibu zinaidai. Kiongozi anayewasubiri waliochelewa anawaadhibu waliowahi, na kikao cha tatu atajikuta peke yake. Mkubwa wako akichelewa, usirudie yote mwanzo hadi mwisho, mweleze kwa sentensi mbili mlipofika kisha mwendelee.

Mtu akipinga wazo lako mbele za wote, kijasho cha kwapani kitakutoka. Jibu lenye kusaidia ni kuuliza: "Ukifanya wewe, ungeanzia wapi?" Kama ana jibu zuri, lichukue na utaje jina lake kwenye kumbukumbu. Kama hana, wengine wameona, na hujasema neno baya.

Kwa maandishi ya kila siku, agizo lolote lenye tarehe au fedha liende kwa barua pepe, hata kama mmeshakubaliana kwa mdomo. Mistari mitatu inatosha: tulichokubaliana, nani anafanya, lini. WhatsApp ibaki kwa "nimechelewa, foleni Ubungo" na "mteja amefika". Ujumbe wa sauti wa dakika nne saa 4 usiku si agizo la kazi, ni usumbufu, na siku ya shauri hakuna atakayeukumbuka vizuri. Nakala nazo zina adabu yake. Kumwekea bosi wa mtu nakala katika barua ya kwanza ya kumkumbusha ni kumshitaki kabla hujamwuliza. Mkumbushe peke yake, mara ya pili mpigie simu, mara ya tatu ndipo uweke nakala, na umwambie kabla kwamba unaiweka. Na lugha isichanganywe bila sababu. Kama nusu ya timu yako inafanya kazi kwa Kiswahili, agizo la usalama au la nidhamu lililoandikwa Kiingereza kigumu litakurudia wewe.

Misiba, ugonjwa na ruhusa

Hapa ndipo viongozi wapya wanapopoteza mioyo ya watu, mara nyingi kwa kutojua sheria upande mmoja na kutojua jamii upande mwingine. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kuugua au kufiwa na mtoto, na kwa kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha inaishia hapo. Baba mdogo aliyemlea mtu na kumsomesha hayumo. Mama mkubwa hayumo. Mkwe hayumo. Mfanyakazi anakuja na macho mekundu kusema amefiwa na baba, wewe unakumbuka baba yake alizikwa mwaka juzi, na unadhani anakudanganya. Hakudanganyi, ndivyo tunavyoitana.

Sera nyingi za kampuni zinamwachia mkuu wa kitengo nafasi ya kuamua, na uamuzi wenye busara ni huu: ndugu asiye kwenye orodha, mruhusu kwa siku za likizo ya mwaka, au kwa siku bila malipo zilizokubaliwa kwa maandishi, na umruhusu siku hiyo hiyo. Fomu itajazwa akirudi. Ila kanuni iwe moja kwa wote, kwa sababu ukimkatalia mfagizi kwenda msibani Dodoma na kumruhusu mhasibu kwenda Moshi, kitengo kizima kitaona. Kisha nenda msibani, au umtume mtu kwa jina lako. Kiongozi akikaa jamvini nusu saa, mfiwa halisahau.

Ugonjwa una hesabu yake. Katika kila mzunguko wa miezi 36, mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Pokea karatasi ya ED, yaani ya daktari ya kumpumzisha mtu kazi, ipeleke kwa ofisa rasilimali watu ikiwa kwenye bahasha, na usiipige picha kuitupia kundi la viongozi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria hiyo ilikuwa aibu kumwanika mgonjwa. Usimwulize anaumwa nini. Uliza anatarajia kurudi lini na kazi gani unaweza kumpunguzia.

Mtu anapokosea

Kabla ya neno lolote, tenganisha asiyejua na asiyetaka. Anayeshindwa kazi kwa sababu hajafundishwa, au kwa sababu mfumo umebadilika, anahitaji kuelezwa kiwango kinachotakiwa, kuelekezwa, na kupewa muda wa kutosha kujirekebisha, huku unapima. Kumpeleka huyo kwenye kamati ya nidhamu ni kosa lako. Aliyeghushi risiti au kutoroka kazini ana njia nyingine.

Kwa makosa madogo, mazungumzo ya faragha hutangulia. Yafanye ndani ya siku mbili za tukio, si mwisho wa mwezi. Taja ulichokiona, saa na siku: "Jumanne na Jumatano ulifika saa 4, na wateja watatu walikuwa wamesubiri." Usiseme "siku hizi umekuwa mvivu", kwa sababu atabishana na neno mvivu, na saa 4 itasahaulika. Nyamaza asikike. Mara nyingi kuna mtoto mgonjwa, au mwenye nyumba amefunga mlango. Kubalianeni kitakachobadilika na tarehe ya kuangaliana tena, kisha andika kumbukumbu fupi siku hiyo hiyo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa nidhamu ndivyo ilivyo: meneja anayesema amemwonya mtu mara tano bila karatasi hata moja, kisheria hajamwonya.

Kosa likiwa kubwa, shika utaratibu wa Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, hatua kwa hatua. Kwanza uchunguzi, ili ijulikane kama kuna shauri la kusikilizwa. Kisha barua ya mashtaka, katika lugha anayoielewa, ikitaja kosa, tarehe, mahali na kanuni iliyovunjwa. Barua inayosema "utovu wa nidhamu" peke yake haimwambii mtu ajibu nini. Mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Aambiwe kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Mwenyekiti wa kamati awe mtu wa ngazi ya kutosha katika menejimenti ambaye hakuhusika na tukio. Ushahidi utolewe mbele ya mtuhumiwa, naye aruhusiwe kuwauliza mashahidi na kuleta wake. Kamati iamue kwanza kama ana hatia. Ikiona anayo, ndipo impe nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu: miaka aliyofanya kazi, rekodi yake, hali yake. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na aelezwe haki yake ya kukata rufaa.

Makosa yanayoangusha mashauri haya yanajirudia mno. Meneja aliyemkamata mtu akiiba ndiye huyo huyo anayekaa kwenye kamati, badala ya kuja kama shahidi. Barua ya kujieleza inachukuliwa kuwa ndiyo usikilizwaji, mtu akajibu Jumatatu na kufukuzwa Jumanne. Barua ya kuachishwa inakutwa na tarehe iliyotangulia siku ya kikao. Au mtu anaitwa ofisini akaambiwa achague kati ya kuacha kazi mwenyewe na polisi, na anasaini huku analia. Saini ya namna hiyo haina uzito, na inamdhalilisha hata aliyemlazimisha.

Mfanyakazi ana siku 30 tangu kuachishwa kazi kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Tume inaweza kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia, na fidia huhesabiwa kwa miezi ya mshahara. Kampuni inaweza kuwa na mwizi wa kweli mkononi na bado ikamlipa, kwa sababu meneja alikuwa na haraka. Kwa walio Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, nayo inadai mfanyakazi aelezwe sababu katika lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kabla ya uamuzi.

Hata anayeondoka kwa kosa ana stahili zake: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua kwa mujibu wa sheria, na cheti cha utumishi. Mkabidhi karatasi zake zote kwa mkono, ofisini, bila hotuba, na usiruhusu mlinzi amsindikize getini kama mfungwa mbele ya watoto wa shule wanaopita. Wanaobaki wanajifunza kwa macho jinsi siku yao itakavyokuwa.

Zawadi na mamlaka

Mwezi Desemba kapu la sikukuu kutoka kwa mzabuni litafika mezani kwako kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa unasaini. Kalenda na kalamu hazina tatizo. Chochote kinachozidi hapo kiandikwe kwenye rejista ya zawadi siku kilipofika, na kama kampuni haina rejista, mwandikie bosi wako barua pepe. Kama zabuni ya huyo mzabuni iko mezani, kirudishwe na barua ya shukrani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii serikalini, inamgusa na mtumishi wa kampuni binafsi. Sheria hiyo hiyo inafanya kuwa jinai kutumia cheo kudai ngono ili mtu apate ajira, kupandishwa au upendeleo wowote. Msichana wa mafunzo kwa vitendo anayehitaji saini yako kwenye daftari lake hana uwezo wa kukataa mwaliko wako wa chakula cha jioni kama angemkataa mtu mwingine. Usimwalike. Kama umeona mwenzako anafanya hivyo, kunyamaza si ustaarabu.

Tathmini, halafu likizo

Tathmini ya mwisho wa mwaka isiwe na jambo ambalo mtu analisikia kwa mara ya kwanza. Kama yuko chini ya kiwango, alipaswa kujua tangu robo ya kwanza. Anza kwa kumwomba ajitathmini mwenyewe kwa maandishi siku tano kabla, kisha kaa naye saa nzima na malengo mliyoyasaini mwanzoni. Ukimpa kila mtu alama nne kati ya tano ili usigombane, mchapakazi ataona na kuanza kutafuta kazi kwingine, na yule mzembe utakayetaka kumchukulia hatua mwezi Machi atatoa karatasi yako ya Desemba kama utetezi. Hilo limetokea mbele ya wasuluhishi zaidi ya mara moja, na hakuna meneja aliyekuwa na jibu.

Wewe mwenyewe una likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wakuu wapya wengi huiacha ipite kwa kuogopa kwamba kitengo kitaanguka au kitagundua kwamba hawahitajiki. Ichukue. Wiki mbili kabla, andika barua ya kumkaimisha mtu, ikitaja tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi anachoweza kuidhinisha, mambo asiyoruhusiwa kuyaamua peke yake, kama kuajiri, kuadhibu na kusaini mikataba, na jina la wa kumpigia likizidi uwezo wake. Nakala iende idara ya fedha, rasilimali watu na kwa wakuu wa vitengo mnaofanya nao kazi, ili asikataliwe saini siku ya kwanza. Weka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe lenye jina lake na namba yake ya ofisini, ujiondoe kwa muda kwenye kundi la kazi, na maamuzi atakayoyafanya ukiwa haupo usiyatengue ukirudi kabla hujamwita faraghani akueleze kwa nini aliamua hivyo.